Chama cha Wastaafu wa Jeshi Kisizikwe na Waasisi Wake: Mwongozo kwa Viongozi

Nilipokuwa katibu wa chama cha askari wastaafu, ajenda ya kwanza ya kila mkutano ilikuwa kusimama dakika moja kuwakumbuka waliotangulia. Ajenda ya sita ilikuwa wanachama wapya. Kuna mwaka tulisoma majina saba kwenye ile ya kwanza, na kwenye ile ya sita nikaandika "Hakuna" mkutano baada ya mkutano, hadi nikawa naliandika neno hilo kabla kikao hakijaanza. Wakati huohuo, nyuma ya ukumbi alikuwa amekaa mjane wa mwenzetu mmoja. Ndiye aliyepanga viti, ndiye aliyewapigia wazee simu za kuwakumbusha, na ndiye aliyejua nani amelazwa. Hakuwa na kadi. Ikifika saa ya kupiga kura, alitoka nje.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya viongozi wanaotaka kumpa kadi mtu kama yeye, na kuwaingiza ukumbini vijana waliorudi uraiani juzi. Baadhi ya hatua nitazipita haraka. Kwenye katiba na kwenye familia nitakaa, maana huko ndiko kazi iliko. Mambo ya nembo mpya na fulana utayamaliza mwenyewe.

Hatua ya 1: Pekua daftari

Chukua daftari la wanachama lenyewe, si idadi inayosomwa kwenye risala. Chora safu nne: mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kuacha jeshi, mwaka wa kujiunga na chama, na mara ya mwisho kulipa ada. Kisha piga simu, jina kwa jina. Utakuta marehemu ambao kadi zao bado zinahesabiwa, na wengine waliohama bila kuaga.

Tuseme daftari lina majina 140. Ukishatoa waliofariki na wasiojulikana walipo, wanabaki 109. Walio chini ya miaka 55 ni 12. Katika miaka mitatu wamejiunga 4 na wamefariki 19. Hizo namba mbili za mwisho ndizo utakazoziandika ubaoni siku ya mkutano mkuu. Mzee aliyezoea kubishana atakushinda kwa maneno, lakini 4 kwa 19 hata yeye ataitazama mara mbili.

Upande wa pili wa karatasi orodhesha watu wanaokitumikia chama bila kuwemo daftarini: binti anayechapa barua zenu, kijana anayemleta baba yake kwa gari na kumsubiri nje, mjane anayeongoza kila msiba. Hao hawahitaji kushawishiwa. Wanahitaji kuandikishwa.

Ukiona wenzako wanaliona jambo hili dogo, wasimulie habari za Grand Army of the Republic. Chama hicho kiliundwa Marekani mwaka 1866 na askari waliopigana upande wa Muungano katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kufikia mwaka 1890 kilikuwa na wanachama zaidi ya 400,000, na wanasiasa walikiogopa. Lakini mwanachama alikuwa ni yule tu aliyekuwa askari wa vita ile. Wa mwisho wao, Albert Woolson, alifariki mwaka 1956, na chama kikaishia hapo. Watoto wao walikuwa na chama chao cha pembeni tangu 1881, na kipo hadi leo, ila katika kile cha baba zao hawakupata nafasi ya kurithi viti. American Legion, kilichoundwa mwaka 1919 na waliotoka Vita vya Kwanza vya Dunia, kilifanya tofauti: mwaka 1942, mabomu yakiwa bado yanaanguka, hati yake ilirekebishwa ili kipokee askari wa vita vipya. Mwaka 2019 sheria ikapanua mlango tena, wakaingia waliotumikia wakati wowote tangu Desemba 1941, hata kama hawakuwa katika vita vyenye jina.

Niseme pia kwamba kufunga chama kwa heshima si aibu. Huko Uingereza, chama cha askari waliookolewa Dunkirk katika Vita vya Pili vya Dunia kilivunjwa mwaka 2000, na kile cha waliopigana Normandy katika vita hivyohivyo kikavunjwa mwaka 2014, wazee wenyewe wakikubali kwamba kazi yao imefika mwisho. Chama kilichozaliwa kwenye pigano moja tu kina haki hiyo. Amueni mapema ninyi ni wa aina gani, kwa sababu kufunga nako kuna taratibu zake na mali haiwezi kuachwa hewani.

Hatua ya 2: Waulize wasiokuja

Usitume fomu. Chagua watu 10 hadi 15 na uwaendee, mkiwa wawili: mmoja anauliza, mwingine anaandika. Wachanganye: waliostaafu miaka ya karibuni, wanawake waliotumikia, wake na waume wa askari walio kazini, mzazi aliyezika mtoto aliyefia kazini. Maswali matatu yanatosha. Ukipata shida inayohusu jeshi leo, unampigia nani? Uliwahi kuja kwetu, na nini kilikufanya usirudi? Siku gani na saa ngapi ungeweza kuja? Baada ya hapo nyamaza, hata kama unasemwa wewe.

Mengi utakayosikia hayahusu fedha. Mwanamke aliyevaa kombati miaka 20 atakwambia alifika mlangoni akaulizwa, "Mume wako alikuwa kikosi gani?" Kijana aliyekwenda kulinda amani atakwambia mzee mmoja alimcheka, eti ile haikuwa vita. Mwingine atasema alistaafu akiwa koplo, na siku aliyokuja alikaa kikao kizima akiwa amenyoosha mgongo kwa sababu meza kuu yote ilikuwa ya maofisa wake wa zamani. Mke wa askari aliye mbali atasema mkutano wenu unaanza wakati anaowachukua watoto shule.

Hizi si kero za kizazi cha sasa peke yake. Veterans of Foreign Wars, chama cha Marekani cha waliopigana vita vya nje chenye mizizi ya mwaka 1899, kilikubali wanachama wanawake mwaka 1978. Mwaka huohuo Wamarekani waliotoka vita vya Vietnam, ambao wengi wao hawakujiona wamepokelewa na vyama vya wakubwa wao, walianzisha chama chao na kukiwekea msingi kwamba kizazi kimoja cha maveterani hakitakitelekeza kingine tena. Ukisoma msingi huo taratibu utaona kwamba ni malalamiko.

Kuhusu vyeo, ushauri wangu ni huu: anayependa kuitwa afande aitwe afande, hakuna aliyekufa kwa hilo. Lakini kwenye kikao watu waitwe kwa kazi wanayoifanya chamani: mwenyekiti, katibu, mjumbe. Mjane naye akiwa mweka hazina ataitwa mweka hazina, si "mama fulani" wala "mke wa marehemu".

Hatua ya 3: Andika upya kifungu cha uanachama

Usianze na katiba nzima. Ukiigusa yote, mtabishana miaka miwili kuhusu rangi ya bendera. Anza na kifungu kinachosema mwanachama ni nani, kisha vile vinavyokitegemea: kura, uongozi, ada.

Kisome ukiwa na kalamu nyekundu na utafute mambo matatu. La kwanza ni jina la vita au mwaka. Hilo ndilo lililoizika Grand Army. La pili ni cheo au kikosi. La tatu ni jinsia, na hapa Kiswahili kimetuhurumia kidogo kwa sababu "yeye" haibagui. Ila ukikuta "mwanachama na mke wake", umeshamfungia nje mume wa sajini mwanamke. Andika "mwenzi wa ndoa". Hata chama cha familia kilicho chini ya Veterans of Foreign Wars, kilichokuwa cha wanawake watupu, kilipiga kura mwaka 2014 kupokea wanaume.

Kifungu kipya kinaweza kusomeka hivi:

"Mwanachama kamili ni mtu yeyote aliyetumikia jeshini, au anayetumikia kadiri kanuni za jeshi zinavyoruhusu, wakati wa vita au wa amani, bila kujali jinsia, cheo, kikosi au mwaka. Mwanachama wa familia ni mwenzi wa ndoa, mjane, mgane, mzazi, mtoto au ndugu wa mtu huyo, aliyefikisha miaka 18, pamoja na anayemtunza mstaafu mwenye ulemavu au maradhi, akithibitishwa na kamati."

Kabla hujakipeleka popote, kipitishe kwenye maswali magumu. Mjane akiolewa tena anapoteza kadi? Nasema hapana, alichopoteza kinatosha. Waliotalikiana je? Kama analea watoto wa askari, abaki. Familia ya askari aliyefia kazini kabla hajajiunga na chama? Iingie, kwa sababu marehemu hawezi kujaza fomu, na kijana wa miaka 24 hakuwa na sababu ya kufikiria chama cha wastaafu. Aliyefukuzwa jeshini kwa kosa? Hapo kila chama kina msimamo wake. Andikeni wenu waziwazi, msiuachie uso wa mtu mlangoni.

Na kadi iwe ya mtu mwenyewe, kwa jina lake. Kadi ya nyongeza iliyobanwa kwenye ya mume hufa siku mume anapokufa, yaani siku ileile inayohitajika.

Hatua ya 4: Kura, viti na hofu ya jengo

Hapa ndipo wazee watakaza. Hoja yao itakuwa moja tu, hata ikija kwa sura kumi: watoto wakipewa kura watauza jengo. Usiibeze. Wapo waliojenga kwa mikono yao, na wameona vyama vikifilisiwa na wajanja.

Tenganisheni mambo. Kwenye mambo ya kawaida, kama mipango, bajeti ya mwaka na uchaguzi wa viongozi, kila mwanachama ana kura moja, awe kamili au wa familia. Kwenye kuuza, kukodisha kwa muda mrefu au kuweka rehani mali ya chama, zitakiwe theluthi mbili za waliohudhuria, na ndani yake lazima iwemo zaidi ya nusu ya wanachama kamili waliopo. Mali iandikwe kwa majina ya wadhamini wasiopungua watatu, wasiotoka nyumba moja.

Kwa viti, kamati ya watu tisa inaweza kugawanywa hivi: viti visivyopungua vitatu kwa wanachama wa familia, viwili kwa walioacha jeshi ndani ya miaka 10 iliyopita, vilivyobaki wazi kwa yeyote. Kama kelele ni nyingi, uenyekiti ubaki kwa wanachama kamili kwa vipindi viwili, kisha suala lifunguliwe tena. Nakubali maridhiano ya namna hiyo. Nisichokikubali ni "kitengo cha kina mama" kinachoundwa haraka ili kuzima mjadala. Kitengo kisicho na kura wala fungu la fedha ni mahali pa kuwarudisha watu kwenye kupanga viti.

Siku ya mkutano mkuu, taarifa iwe imetoka kwa muda uliotajwa kwenye katiba ya zamani, maandishi ya zamani na mapya yakiwa bega kwa bega kwenye karatasi moja. Hakikisha akidi kabla ya kufungua mjadala. Mpe nafasi ya kwanza ya kuunga mkono hoja mzee anayeheshimika kuliko wote, na umwendee wiki mbili kabla. Ukimshtukiza ataipinga hata kama anaikubali. Hoja ikipita, ipeleke kwenye mamlaka inayosajili vyama, na usitoe kadi mpya kabla majibu hayajarudi. Nimeona marekebisho mazuri yakitenguliwa kwa sababu ya kumbukumbu za mkutano zisizo na saini.

Hatua ya 5: Ipe familia sababu ya kuja

Askari huja chamani kukutana na wenzake. Familia haina kumbukumbu za handaki, na hotuba za ushujaa ilishazisikia nyumbani. Inakuja kwa sababu ina shida ambayo jirani wa kiraia haielewi. Huko Australia, Legacy ilianzishwa Melbourne mwaka 1923 na waliorudi vitani kwa ajili ya wake na watoto wa wale ambao hawakurudi. Karne imepita na bado ipo.

Anzeni na bahasha ya kaki. Kila familia iandaliwe bahasha moja, ikae mahali panapojulikana na watu wawili wa nyumba hiyo. Ndani yake: nakala ya cheti cha kuacha jeshi chenye namba ya jeshi, vyeti vya ndoa na vya kuzaliwa kwa watoto, namba ya pensheni, karatasi za matibabu kama kuna jeraha au ulemavu wa kazini, na karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono ikisema mhusika anataka azikwe vipi na nani apigiwe simu kwanza.

Halafu muulizeni askari mwenyewe swali ambalo hakuna anayependa kuliulizwa: fomu yako ya mrithi ina jina la nani? Wengi waliijaza wakiwa kuruta wa miaka 19, wakamwandika mama. Mama alishafariki. Wapo wenye watoto wanne wasiotajwa popote kwenye karatasi hiyo. Tulipofanya zoezi hili kwa mara ya kwanza, mzee mmoja mkali kuliko wote alikaa akaishika nakala yake muda mrefu, akaomba kalamu, akaomba pia tusimwambie mkewe jina lililokuwepo. Panga siku mbili kwa mwaka za kazi hii tu, ukiwa na mtu anayezijua taratibu za mafao na mwingine wa mirathi. Familia itakayorekebisha karatasi siku hiyo haitauliza tena chama kina faida gani.

Kifo kinapotokea, chama kiwe na mtu mmoja anayejulikana, si kamati, wa kukaa na familia siku tatu za kwanza: kutoa taarifa jeshini, kuuliza kuhusu mazishi ya kijeshi, kusimamisha malipo yasiendelee kuingia ili mjane asije akadaiwa baadaye. Ndugu wakianza kugombania mali, mtu huyo asiegemee upande wowote. Aonyeshe karatasi zilipo, basi.

Kuna jambo jingine lisilosemwa sana. Askari anaporudi baada ya miezi mingi, nyumba imeshajifunza kuishi bila yeye. Mke amekuwa akiamua kila kitu, au mume amezoea kulala na watoto chumba kimoja, na mtoto mdogo anamwogopa huyu mgeni. Wengine wanarudi na usiku usiolalika, hasira za ghafla, pombe, au ukimya. Wapeni wenzi mahali pa kukutana wenyewe, bila askari kuwepo, mara moja kwa mwezi, chini ya mmoja wao. Yanayosemwa hapo yasiandikwe kwenye kumbukumbu. Chama si hospitali: muwe na majina ya wataalamu wa afya ya akili mliokwisha kuzungumza nao, na mtu akitaja kujidhuru au akiwa anapigwa, apelekwe kwenye msaada siku hiyohiyo, hata kama anayempiga ni mwanachama mwenye medali.

Kundi la WhatsApp lisaidie matangazo na misiba, likiwa na sheria moja isiyojadiliwa: hakuna anayeandika kikosi fulani kinaondoka lini, kinakwenda wapi au kinarudi lini. Wenzi wa askari wanaijua sheria hiyo kuliko wazee.

Hatua ya 6: Kabidhi kazi yenye funguo

Mstaafu wa miaka 38 hatakaa akisikiliza salamu za meza kuu kwa saa mbili. Fupisha kikao kiishe kwa dakika 90, kiwe jioni au siku isiyo ya kazi, na pawe na kona ya watoto yenye mtu mzima. Weka mtu mlangoni ambaye kazi yake ni kumuuliza mgeni swali moja, "Umetumikia wewe au wa kwenu?", kisha amkalishe karibu na mtu wa rika lake.

Lakini kikao kizuri bila madaraka hakimshiki mtu. Kila ofisi iwe na naibu aliye mdogo kwa angalau miaka 15, na kwa mwaka mmoja wafanye kazi bega kwa bega: naibu katibu aandike kumbukumbu, katibu azirekebishe, naibu mweka hazina awe miongoni mwa watia saini wa benki. Baada ya mwaka wabadilishane, mzee abaki mshauri. Kigezo changu ni funguo. Kama ufunguo wa kabati la nyaraka bado uko mfukoni mwa mtu mmoja mwenye miaka 78, hamjakabidhi chochote.

Hatua ya 7: Kumbukumbu ziwe za wote

Rekodi sauti za wazee sasa, si mwakani. Wape vijana kazi hiyo, maana askari husimulia tofauti akiulizwa na askari. Waulize na wajane: barua zilifikaje, habari ya kifo ililetwa na nani, walikuwa wanafanya nini siku hiyo. Picha ziandikwe majina nyuma kwa penseli, medali zipigwe picha pande zote mbili.

Siku ya kumbukumbu, orodha ya majina iwe na waliofia kwenye ulinzi wa amani na kwenye mazoezi, si wa vita kubwa pekee, na shada la maua mojawapo liwekwe na mtoto wa askari. Usomaji wa majina mpe mwanachama wa familia au kijana. Mkabidhi orodha siku mbili kabla, ayasome kwa sauti nyumbani, na kando ya kila jina mwandikie kikosi na jinsi linavyotamkwa.